Aspirini ya mume, aspirini ya mke: nani aendelee na nani aache?

Mheshimiwa Daktari,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mama wa miaka 63 na mume wangu ana miaka 66. Miezi minne iliyopita alipatwa na mshtuko wa moyo, akakimbizwa hospitali, akapitishiwa mrija mwembamba mkononi hadi kwenye moyo na kuwekewa stenti moja katika mshipa uliokuwa umeziba. Alirudi nyumbani na dawa kadhaa, na mbili kati ya hizo tuliambiwa ni za kuzuia damu isigande: aspirini ya miligramu 75 na klopidogreli ya miligramu 75, kila moja mara moja kwa siku. Tuliagizwa azitumie zote mbili kwa mwaka mzima, lakini kwa nini ziwe mbili, na kwa nini iwe mwaka, hakuna aliyetueleza, nasi kwa hofu ya siku ile hatukuuliza.

Tangu hapo mikono yake imekuwa na mabaka ya damu kuvilia hata pale ambapo hakumbuki kujigonga, fizi hutoka damu akipiga mswaki, na mara mbili ametokwa na damu puani iliyokoma baada ya muda mfupi. Sasa jino la nyuma limeanza kumsumbua. Daktari wa meno alipoona orodha ya dawa zake alimwambia aache hizo mbili kwa siku saba ndipo arudi kung'olewa. Mume wangu alilipokea shauri hilo kwa furaha, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuzichoka, na leo ni siku ya pili hajameza hata kimoja. Kwa maumivu ya jino anatumia ibuprofeni, na kwa kiungulia anatumia omeprazoli aliyojinunulia mwenyewe.

Jambo la mwisho linanihusu mimi. Shemeji yangu, ambaye alifanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo miaka mingi iliyopita, humeza aspirini kila siku na amenishauri nami nifanye hivyo, kwa kuwa umri umesogea na nina shinikizo la juu la damu linalodhibitiwa kwa dawa. Sijawahi kuugua moyo wala kupata kiharusi, na sina kisukari. Basi kila usiku nimekuwa nikichukua kidonge kimoja katika pakiti ya mume wangu. Je, mume wangu afuate shauri la daktari wa meno? Kama dawa mbili zinamtoa damu, hawezi kubaki na moja? Na mimi niendelee na yangu?

Mama mwenye wasiwasi

JIBU

Mama mpendwa,

Sehemu ya kwanza ya jibu hili ulitumiwa siku ileile barua yako ilipofika, kwa sababu halikuwa jambo la kusubiri kuchapwa. Nairudia hapa kwa ajili ya wasomaji wengine walio katika hali kama yenu. Mumeo aanze tena dawa zote mbili leo, asingoje siku saba zitimie. Asimeze vidonge vya ziada ili kufidia vile alivyoviacha, bali awasiliane leo hii na kliniki yake ya moyo na kueleza ni siku ngapi amekosa, kwa maana daktari wake anaweza kuona inafaa aanze upya kwa kipimo kikubwa zaidi cha klopidogreli, na uamuzi huo ni wa daktari huyo, si wa mgonjwa wala wangu. Akihisi maumivu au kubanwa kifuani, hasa yakisambaa mkononi, shingoni au kwenye taya, au akitokwa na jasho la baridi na kukosa pumzi, aende idara ya dharura mara moja bila kungoja kuona kama hali itatulia.

Nimeliweka hili mbele ya yote kwa sababu ya kile kilicho ndani ya mshipa wake. Ugonjwa wa mishipa ya moyo hujengeka kwa miaka mingi, lehemu (kolesteroli) na seli za kinga ya mwili zikijikusanya ndani ya ukuta wa mshipa, lakini mshtuko wa moyo wenyewe kwa kawaida hutokea siku moja ambapo tabaka linalofunika mkusanyiko huo linapasuka. Damu hulichukulia jeraha hilo sawasawa na mkato wa kisu kidoleni. Chembe sahani, ambazo ni vipande vidogo sana vinavyoelea katika damu vikiwa na kazi ya kuziba majeraha, hujibandika pale palipopasuka na kisha hupiga mbiu ili kuziita nyingine. Kidoleni kazi hiyo huokoa maisha, bali ndani ya mshipa mwembamba unaolisha moyo donge linalotokana nayo huzuia damu, na msuli wa moyo ulio mbele yake huanza kufa.

Mbiu hizo ni zaidi ya moja, na hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la kwa nini dawa ni mbili. Moja ni kemikali iitwayo thromboksani, ambayo chembe sahani huitengeneza kwa msaada wa kimeng'enya fulani. Aspirini hukiharibu kimeng'enya hicho moja kwa moja, na mbiu hiyo haipigwi tena. Nyingine ni kemikali iitwayo ADP, ambayo chembe iliyoamshwa huimwaga ili ipokelewe na chembe za jirani. Klopidogreli haizuii kumwagwa kwake, ila huziba kipokezi chake, hivyo mbiu inalia na jirani hasikii. Prasugreli na tikagrelo, ambazo baadhi ya wasomaji wameandikiwa badala ya klopidogreli, hufanya kazi katika kipokezi hichohicho kwa nguvu zaidi. Dawa moja huacha njia ya pili wazi, na kwa mtu aliyetoka katika mshtuko wa moyo mwaka huu, njia moja iliyo wazi ni hatari ya kutosha.

Kazi ya John Vane na wenzake, iliyochapishwa mwaka 1971, ndiyo iliyoonyesha jinsi aspirini inavyozuia kemikali za jamii hii, na mwaka 1982 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel. Faida kwa wagonjwa wa moyo ilithibitishwa kwa namna isiyoacha shaka mwaka 1988 katika utafiti ulioitwa ISIS-2, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 17,000 walioshukiwa kuwa na mshtuko wa moyo, ambapo aspirini peke yake, iliyotolewa kwa mwezi mmoja, ilipunguza vifo vya magonjwa ya moyo na mishipa kwa takriban asilimia 23 katika wiki tano za kwanza. Mwaka 2001 utafiti wa CURE uliwachukua wagonjwa zaidi ya 12,500 waliokuwa na hali ya dharura ya moyo na kuongeza klopidogreli juu ya aspirini: waliofariki kwa magonjwa ya moyo na mishipa au kupata mshtuko mwingine au kiharusi walikuwa asilimia 9.3, ilhali kwa waliopewa aspirini peke yake walikuwa asilimia 11.4. Utokaji mkubwa wa damu nao uliongezeka, kutoka asilimia 2.7 hadi 3.7. Nayataja yote mawili kwa makusudi, kwa maana daktari anayemwambia mgonjwa faida na kumficha gharama humwandaa mgonjwa huyo kuacha dawa siku ya kwanza atakapoona damu kwenye mswaki.

Sasa kuhusu zile siku saba. Chembe sahani huishi takriban siku saba hadi kumi, na kwa kuwa hazina kiini haziwezi kutengeneza upya kimeng'enya kilichoharibiwa na aspirini. Iliyoguswa na dawa hubaki imeguswa hadi inapokufa, na klopidogreli nayo hukishika kipokezi chake kwa namna hiyohiyo isiyoachia. Mwili hutengeneza mpya kila siku, karibu sehemu moja ya kumi ya zote, na ndiyo sababu kidonge humezwa kila siku ingawa dawa yenyewe haikai katika damu ila kwa saa chache. Baada ya siku mbili bila dawa mumeo tayari ana sehemu ya chembe sahani zilizo na nguvu kamili. Baada ya siku saba, nyingi kati ya zote zimekuwa hivyo. Hesabu ya daktari wa meno ni sahihi kabisa. Kosa ni kuifanyia hesabu hiyo mtu mwenye stenti ya miezi minne.

Stenti ni wavu mdogo wa chuma, na damu haikuzoea chuma. Kadiri muda unavyopita, ukuta wa mshipa huufunika wavu huo kwa tabaka jembamba la seli, lakini stenti nyingi za siku hizi hupakwa dawa inayozuia mshipa usisinyae tena, na dawa hiyo pia huchelewesha ufunikaji. Kabla haujakamilika, kuacha dawa hizi mapema ni miongoni mwa sababu kubwa zinazojulikana za damu kuganda ghafla ndani ya stenti, tukio ambalo mara nyingi huleta mshtuko mkubwa wa moyo na ambalo wengi hawapoi. Damu ya jino unaweza kuikandamiza kwa kidole na kitambaa. Ya mshipa wa moyo huwezi kuifikia.

Kuhusu muda, miongozo ya Ulaya na ya Marekani hupendekeza kwa kawaida miezi 12 ya dawa mbili kwa aliyepata mshtuko wa moyo, na takriban miezi sita kwa aliyewekewa stenti kwa sababu ya maumivu ya kifua yaliyo thabiti bila dharura. Baada ya hapo moja huachwa na nyingine huendelea, kwa wagonjwa wengi maisha yote. Muda huu si sheria iliyochongwa kwenye jiwe. Mgonjwa mwenye hatari kubwa ya kutokwa na damu, kwa mfano aliyewahi kuvuja damu tumboni, mwenye upungufu wa damu, mwenye figo dhaifu au aliye na umri mkubwa sana, anaweza kufupishiwa muda, wakati mwingine hadi miezi mitatu au hata mmoja. Kwa hiyo swali lako la kubaki na dawa moja ni swali halali kabisa kuliuliza, na miezi minne si mapema mno kuliuliza. Ila liulizwe kliniki, lijibiwe na mtu anayejua stenti iliwekwa mshipa gani na kwa ugumu gani, na ikiwa jibu ni ndiyo, ni huyo pia atakayesema ibaki ipi.

Damu unayoiona sasa, yaani mabaka ya mikononi, fizi na pua inayokoma upesi, ni usumbufu unaotarajiwa na haionyeshi kwamba damu yake imekuwa maji. Atumie mswaki laini, na pua ikitoka damu akae ameinama mbele kidogo na kubana sehemu laini ya pua kwa dakika kumi hadi kumi na tano bila kuachia kila mara kuchungulia. Ninachotaka ukiangalie kwa jicho kali ni kingine: kinyesi cheusi chenye kunata, matapishi yenye damu au yenye rangi ya kahawa, mkojo mwekundu, pua isiyokoma licha ya kubanwa, maumivu makali ya kichwa yanayoanza ghafla, au kuanguka na kugonga kichwa hata kama anajisikia vizuri. Hayo ni ya hospitali siku hiyohiyo. Uchovu usio wa kawaida na weupe wa viganja na ndani ya kope unaweza kuwa dalili ya damu inayovuja polepole, na kipimo rahisi cha wingi wa damu kingefaa kufanywa katika ziara yake ijayo.

Ibuprofeni aiache leo. Dawa hiyo hukalia sehemu ileile ya kimeng'enya ambapo aspirini ilipaswa kujishika, na kwa kuwa yenyewe huachia baada ya saa chache ilhali aspirini nayo imekwisha kutoka katika damu, anaweza kumeza aspirini kila asubuhi na asipate kinga yake kikamilifu. Upo ushauri wa kupishanisha saa za dawa hizo mbili, lakini kwa mumeo sioni sababu ya kuhangaika nao, kwa kuwa ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zake huongeza pia vidonda vya tumbo na utokaji wa damu, na kwa aliyepata mshtuko wa moyo huongeza hatari ya kupata mwingine. Kwa jino, parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti inatosha hadi atakapotibiwa.

Omeprazoli inahitaji uangalifu wa namna nyingine. Kinga ya tumbo kwa mtu wa miaka 66 anayetumia dawa mbili za aina hii ni jambo jema, na ningeshangaa kama asingeandikiwa yoyote. Tatizo ni kwamba klopidogreli humezwa ikiwa haijawa na nguvu, na ini ndilo huigeuza kuwa dawa kamili kwa kutumia kimeng'enya ambacho omeprazoli na esomeprazoli hukizuia. Majaribio ya wagonjwa hayajaonyesha waziwazi kwamba jambo hili huongeza mishtuko ya moyo, na wataalamu wamebishana sana juu yake, lakini mamlaka ya dawa ya Marekani hushauri kuepuka kuzichanganya, na kwa kuwa pantoprazoli hufanya kazi hiyo ya tumbo bila kukigusa sana kimeng'enya hicho, ni rahisi kumwomba daktari abadilishe kuliko kukaa na shaka. Asiache tu kinga ya tumbo bila kupata mbadala.

Turudi kwenye jino, maana linauma na haliwezi kupuuzwa. Simshutumu sana daktari wa meno. Shauri lake lilikuwa la kawaida miaka ya nyuma, na huenda hakuambiwa kwamba kuna stenti, wala lini iliwekwa. Mwaka 2007 jumuiya za Marekani za madaktari wa moyo, za wapasuaji na za madaktari wa meno zilitoa tamko la pamoja lililotaka mtoa huduma yeyote anayefikiria kusimamisha dawa hizi awasiliane kwanza na daktari wa moyo wa mgonjwa, na likaeleza kwamba kazi za meno kwa kawaida hazihitaji dawa hizi zisimamishwe. Jino moja linaweza kung'olewa mgonjwa akiwa kwenye dawa zote mbili: daktari hukandamiza tundu kwa shashi kwa muda mrefu kuliko kawaida, hushona nyuzi moja au mbili, na akipenda hutumia dawa ya kusukutua inayosaidia damu kushika. Ni vyema ifanyike asubuhi, ili kama damu itaanza tena iwe mchana na si usiku wa manane. Damu itamchukua muda mrefu zaidi kukauka, na mumeo aambiwe hivyo mapema ili asiogope. Daktari wa meno akiendelea kusita, apewe namba ya kliniki ya moyo wazungumze wenyewe kwa wenyewe. Upasuaji mkubwa usio wa dharura ni habari tofauti: huo kwa kawaida huahirishwa hadi muda wa dawa mbili upite, na usipoweza kuahirishwa, klopidogreli husimamishwa takriban siku tano kabla, aspirini ikiendelea mara nyingi, yote kwa makubaliano ya madaktari.

Sasa nije kwako, Mama, na hapa jibu langu litakuwa kinyume cha lile nililompa mumeo: wewe acha. Hakuna haja ya kupunguza polepole.

Kidonge ni kilekile, lakini kinachoamua faida yake ni hatari ambayo mtu anayo kabla ya kukimeza. Mwaka 2009 kundi la watafiti walikusanya majaribio ya aspirini na kuyachambua pamoja. Kwa watu waliokwisha kupata mshtuko wa moyo au kiharusi, matukio makubwa ya moyo na mishipa yalikuwa asilimia 6.7 kwa mwaka wakitumia aspirini, na asilimia 8.2 bila aspirini, yaani katika watu elfu moja, kumi na watano waliepushwa kila mwaka. Kwa watu wasio na ugonjwa, zaidi ya 95,000, tofauti ilikuwa kati ya asilimia 0.51 na 0.57: katika watu elfu kumi, sita waliepushwa, na katika elfu kumi haohao kama watatu zaidi walitokwa na damu nyingi tumboni au kwingineko nje ya ubongo. Faida hiyo ndogo imeendelea kupungua machoni pa wataalamu tangu dawa za shinikizo na za kupunguza lehemu zilipoenea. Mwaka 2018 utafiti wa ASPREE, uliofanywa Australia na Marekani kwa wazee zaidi ya 19,000 wenye afya, wengi wao wakiwa na miaka 70 au zaidi, haukuona kupungua kwa maana kwa magonjwa ya moyo na mishipa, ila uliona ongezeko la utokaji mkubwa wa damu. Mwaka 2022 jopo la Marekani linaloshughulikia kinga ya magonjwa lilishauri watu wa miaka 60 na zaidi wasianze aspirini kwa ajili ya kuzuia mshtuko wa kwanza.

Wewe una miaka 63, na una shinikizo la juu la damu, ambalo lenyewe huongeza uwezekano wa damu kuvuja ndani ya ubongo, kiasi kwamba ungekuwa unanunua kinga ndogo kwa bei kubwa. Kinachokulinda zaidi ni kipimo cha shinikizo kinachobaki pale daktari wako anapotaka, kupima lehemu na sukari, na kuuliza kama unahitaji statini, yaani dawa ya kupunguza lehemu. Na kuna jambo ambalo huenda hukuliwaza: kila kidonge ulichochukua kimepunguza akiba ya mumeo, naye ataishiwa kabla ya tarehe ya kuongezewa dawa, kwa hiyo hesabuni vilivyobaki kabla hamjaenda kliniki.

Shemeji yako naye asije akaisoma safu hii na kuacha aspirini yake. Mtu aliyepandikiziwa mishipa ya moyo yumo katika kundi la mumeo, si lako, na aspirini husaidia mishipa ile iliyopandikizwa isizibe. Kama naye ana maswali, ayapeleke kwa daktari anayemfuatilia akiwa bado anaimeza.